Nilivyokwenda Digodigo Kumwondoa Rebeka Kwenye Bima

Niwataje kwanza waliokuwepo, maana kila mmoja wenu ananiuliza habari zake. Nilikuwepo mimi, Paskalina, mjane wa Tluway, wa Endamarariek. Alikuwepo Emiliana, binti yangu wa mwisho, aliyeshika mkoba wenye karatasi. Alikuwepo Rebeka wa Digodigo, aliyemlea mwanangu Yohana, na Saimoni, mtoto wa tumbo la Rebeka, aliyenyonya ziwa moja na Yohana. Alikuwepo mzee Elieza, shemeji yake Rebeka. Njiani tulikuwa na Naishiye, mama wa Kimasai wa Enguserosambu. Yohana mwenyewe hakuwepo. Yeye ni sajenti, yuko kambini mbali, lakini safari yote ilikuwa kwa sababu yake.

Wengi wenu hamkujua kwamba nilizaa kabla ya kuolewa na Tluway. Sasa mjue. Zamani kwetu Wairaqw, msichana akipata mimba nyumbani kwa baba yake, hakuruhusiwa kuzalia chini ya paa lile wala kuchota maji kwenye kisima cha wote, wasije wengine wakapata mkosi. Alitolewa nje, kwa watu wasio wa kabila letu. Mjomba wangu Hhando alinipeleka Oldeani kwenye kambi ya vibarua wa kahawa, akanikabidhi kwa mke wa kibarua mmoja kutoka Digodigo. Huyo ndiye Rebeka. Alikuwa msichana kama mimi, ana Saimoni mchanga mgongoni. Nilizalia kwenye kibanda chake. Mwezi ulipokwisha Hhando akanirudisha nyumbani peke yangu, na nyumbani hapakuulizwa kitu. Mkataba wa mume wake ulipokwisha, Rebeka akarudi kwao na watoto wawili.

Yohana alinitafuta mwenyewe akiwa mtu mzima, Tluway alipokwisha kufa. Ananiita mama, nami sikustahili.

Sasa bima. Jeshini wanamruhusu kuandika mzazi akatibiwa. Mimi nina presha ya macho, dawa yake ni ya kila siku mpaka kufa, na usipoitia unakuwa kipofu. Yohana akaenda kuniandika. Wakamwambia mama ni mmoja, naye ni yule wa kwenye cheti cha kuzaliwa. Kwenye cheti yupo Rebeka. Akanipigia simu.

"Mama, nikiwaandika wawili wananiuliza nilizaliwa mara ngapi. Mimi ni askari, nimezoea kuamriwa, lakini hili msiniamuru mmoja mmoja. Kaeni ninyi wawili mkubaliane. Mtakachosema nitaandika."

Mwanangu Amsi, ambaye jeshi alilikosa kwa sababu ya meno mawili aliyong'olewa na teke la punda, akasema hakuna cha kukubaliana. Huyo mama aape tu kwamba hakumzaa, karatasi zibadilishwe. Kiapo kikaandikwa Karatu. Hayo ya ofisini nayaacha. Tukaondoka.

Karatu hadi getini

Tulipanda basi la Loliondo alfajiri, mimi dirishani. Emiliana alibeba blanketi jipya na gunia dogo la maharage.

"Haya ya nini?" nilimwuliza.

"Mama, mtu haendi kuomba mikono mitupu."

Tulikaa getini Lodoare, lango la Ngorongoro, muda mrefu. Magari ya watalii yalipita, sisi tupo. Kondakta akasema kuna abiria mmoja jina lake halisomeki kwenye orodha ya geti. Abiria mwenyewe akasema linasomeka, ila kondakta hajasoma. Watu wakacheka, na basi halikwenda kwa kucheka. Nikanunua mahindi ya kuchoma kwa mama mmoja aitwaye Martina, ambaye tulipozungumza nikakuta anatoka Mbulu na shangazi yake namjua.

"Unakwenda wapi bibi na baridi hii?" akaniuliza Martina.

"Kusalimia ndugu."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Emiliana alinitazama, akatafuna mahindi yake.

Juu ya kreta kulikuwa na ukungu. Watu walikuwa wanasimama kwenye viti watazame chini. Mimi kwa macho yangu ukungu na kreta ni kitu kimoja, nikabaki nimekaa.

Malanja na bondeni

Baada ya kushuka Malanja tairi lilipasuka. Spea ilikuwepo, lakini jeki ilikuwa imeazimwa na basi jingine, na basi hilo lilikuwa limekwenda Arusha. Tukashuka wote, tukakaa kwenye majani makavu na upepo ule wenye vumbi.

Hapo ndipo nilikaa na Naishiye. Alikuwa na mume wake amelala juu ya shuka, mtu mrefu aliyekonda, wanatoka hospitali. Nikamwambia Emiliana ampe yule baba chapati. Naishiye akafungua kibuyu akanimiminia maziwa. Mimi nimelelewa kumwogopa Mmasai, bibi yangu alikuwa anatunyamazisha kwa jina lao. Nikadhani ananipa alichobakisha mgonjwa, nikasita.

"Kunywa bibi," akasema. "Huyu hajayagusa. Nimeona umemtazama yeye halafu kibuyu."

Nikanywa kwa aibu. Yalikuwa matamu, yana harufu ya moshi.

"Ametibiwa?" nikamwuliza.

"Ametibiwa mpaka ng'ombe walipokwisha. Ng'ombe walipokwisha daktari akasema sasa akapumzike nyumbani." Akacheka kidogo. "Kaka yake mdogo ni askari wa wanyama, ana kadi. Mtoto wake akikohoa tu wanakwenda. Wakati ule wanachukua vijana wa kazi hiyo, huyu wangu ndiye aliyeitwa kwanza. Alikuwa malishoni, mvua ilikuwa mbali mwaka ule. Wakamchukua aliyekuwepo nyumbani."

"Mungu ndiye anayepanga," nikasema.

"Mungu au mvua," akasema Naishiye. "Wewe unakwenda wapi?"

"Kumshukuru mama mmoja aliyenilelea mtoto."

Sijui lilivyonitoka. Naishiye akanishika mkono akasema hilo ni jambo kubwa, kwao mtu wa hivyo unampelekea mtamba. Emiliana akainuka akaenda kutazama tairi.

Jeki ililetwa na lori la mahindi jua likiwa limeinama. Naishiye alishuka Waso na mumewe. Mume alishushwa na watu wanne. Tukalala Waso kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja mwenye sauti, aliyetupa wali na maharage akasema nyama ipo ila ina mwenyewe.

Waso hadi Digodigo

Asubuhi tukapata gari dogo la mizigo linalokwenda Sale. Dereva, Loserian, aliniweka mbele kwa sababu ya uzee. Alipoacha lami na kukata kwenda Digodigo njia ikawa mawe matupu, nikawa najishika kwenye mlango huku nikipanga maneno. Nitaanza hivi: dada Rebeka, mtoto ni wetu sote. Halafu: wewe unajua nani alimzaa. Kila nikifika hapo gari linaruka jiwe na maneno yanamwagika.

Kule kuna maji. Mifereji inapita kati ya mashamba ya mtama na viazi vitamu, na watu wanatembea kando yake na majembe. Loserian akasimamisha gari akapaza sauti, "Mama Yohana! Wageni wako!"

Niligeuka kuitikia. Siyo mimi niliyeitwa.

Alitoka mama mnene kiasi, amejifunga kitambaa kwenye unyayo wa kulia, anatembelea fimbo. Akasimama akanitazama. Mimi namwona kama mtu aliye nyuma ya pazia, lakini sauti niliitambua.

"Karibuni. Nani mwenzangu?"

"Mimi Paskalina. Wa Oldeani."

Nikasikia maji kwenye mfereji.

"Paskalina aliyekuwa analia kwa chini kama mbuzi aliyefungiwa?"

"Ndiye mimi."

"Umezeeka!"

"Na wewe je?"

"Mimi nilizeeka zamani. Nilikuwa na watoto wawili kifuani. Wewe ulikuwa huna hata mmoja." Akacheka, akanikumbatia, fimbo ikaanguka. Sikujua kama amenichoma au amenitania, na mpaka leo sijui.

Kwa Rebeka

Tuliwekewa viti uani. Rebeka akaniuliza, "Haya, mwenzangu. Mpaka umefika huku na miguu hii ya bibi, umeletwa na nini?"

Emiliana akakohoa, mkono ukaingia kwenye mkoba. Nami nikasema, "Nimekuja kukushukuru."

Rebeka alifunika uso kwa khanga. Halafu akainuka bila fimbo, akaenda hadi kwenye ua akaita majirani. "Njooni! Njooni msikie! Mama aliyemzaa Yohana amekuja kushukuru! Mlisema hatakuja!"

Ndugu zangu, wakaja. Wamama wakaja na viazi, wakaja na asali. Mzee Elieza akaja amevaa koti la sherehe, akachagua mbuzi mwenyewe. Nikamwambia Rebeka kwa sauti ndogo, "Dada, usichinje." Akasema, "Kwa nini? Jambo hili nimelingoja tangu hawa watoto hawajaota meno."

Emiliana akaninong'oneza kwa Kiiraqw, "Mama, umetuingiza wapi?"

"Nyamaza. Nitasema wakishakula."

Wakala. Mzee Elieza akasimama akataka kuona shukrani yenyewe. Emiliana akatoa blanketi na yale maharage. Elieza akalikunjua blanketi, akaligeuza huku na huku.

"Moja?" akasema. "Rebeka, hili ni la huyo mtoto alivyokuwa, au alivyo sasa? Maana alivyo sasa linafunika goti tu!"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Mama mmoja akasema, "Mwacheni, Wairaqw wanashukuru kwa kupunguza, wakiogopa shukrani isiishe." Nami nikacheka nao. Ningefanya nini? Rebeka akajifunika lile blanketi na jua lote lile, akasema ni zito na zuri, na asiyelitaka alale na wivu wake.

Niliona wakati huo, kwa kadiri ninavyoona, kwamba ule mguu ulikuwa unanuka. Si sana. Nikamwuliza. Akasema ni sukari, kidonda kimekataa kufunga tangu wakati wa kupalilia. Daktari alimwambia arudi kila mwezi. "Narudi nikiuza maharage," akasema. "Na maharage hayajui mwezi." Halafu akasema, "Ila Yohana ananiambia kuna bima inakuja. Kwa hiyo sina wasiwasi."

Hapo ningeweza kunyamaza kabisa nikarudi nyumbani. Sikunyamaza kwa wema. Nilinyamaza kwa woga, nikalala.

Asubuhi ya karatasi

Emiliana aliamka kabla yangu. Alikuwa amechoka kunisubiri. Msimlaumu, yeye ndiye anayenitia dawa, yeye ndiye anayenishika mkono kwenda msalani. Tulipokuwa tunakunywa uji akasema, "Mama Rebeka, gari linaondoka saa nne. Mama yangu ana neno ambalo limemshinda."

"Neno gani?"

Nikatazama uji. Emiliana akaeleza yeye. Akaeleza vizuri, kwa heshima, bima na cheti na macho yangu. Rebeka alisikiliza bila kumkata. Alipomaliza, akaniuliza mimi, siyo yeye.

"Paskalina, hii karatasi inasema mimi si mama yake?"

"Inasema hukumzaa."

"Na jana ulikuja kushukuru."

Nikageuza kikombe mkononi.

"Ni kweli, sikumzaa," akasema Rebeka. "Nilikuwa nimeshika taa. Alitoka na kitovu shingoni, wewe ukasema usinioneshe. Umesahau? Leteni huo wino."

"Dada, fikiri kwanza," nikasema, lakini nilisema polepole, na mkono wangu haukunyooka kuizuia karatasi. Hilo nalijua. Emiliana akafungua kidau, Rebeka akachovya dole gumba akaligandamiza chini ya yale maandishi asiyoyajua, akapangusia kwenye lile blanketi jipya.

"Macho ni kitu kikubwa," akasema. "Mguu mtu anakalia."

Saimoni alikuwa amesimama kwenye ua na jembe, miguu yake ina tope mpaka magotini. Sikujua amesikia kuanzia wapi.

Kando ya mfereji

Saimoni ndiye aliyetusindikiza barabarani, amebeba kikapu cha viazi ambacho mama yake alitufungia. Alikuwa anatembea mbele, kimya. Tukafika mahali mfereji unapogawanyika, akatua kikapu.

"Mama, usione nimenuna," akaniambia. "Nataka ujue kitu kimoja tu. Unaona hapa? Yohana amekuwa askari kwa sababu ya hapa."

"Kivipi, mwanangu?"

"Waandikishaji wa jeshi walikuja tarafani siku moja tu. Mimi na Yohana tulitaka wote, tulikuwa tunakimbia milimani kila jioni kujiandaa. Siku ile ikaangukia zamu yetu ya maji. Huku ukikosa zamu yako, shamba linakauka, na wazee hawakupi nyingine. Lazima mmoja abaki afungulie. Ilikuwa zamu ya Yohana kubaki."

"Sasa?"

"Juzi yake alijikata kiganja na panga. Mama akasema kidonda hakiingii kwenye tope, Saimoni baki wewe. Yohana akaenda kuwatazama tu. Wakamwambia kimbia, akakimbia. Kiganja hawakukitazama." Akanionesha viganja vyake, sijui ananionesha nini, vilikuwa tope tu. "Wangekuja kesho yake hata mimi ningekuwa askari, na mama ana kadi, na hamna wa kumwuliza amemzaa nani. Sisemi ni kosa la mtu. Yohana ni ndugu yangu. Nasema ujue tu kwamba mama hana mwingine wa kumwandika. Mimi naandikwa wapi? Kwenye daftari la maji?"

Emiliana akaanza kulia. Mimi sikulia. Nilikuwa nimesikia mlio wa gari.

Nawaambia ukweli maana mmeniuliza kilichotokea. Gari lilisimama, Loserian akanifungulia mlango, nami nikapanda. Karatasi ilikuwa kwenye mkoba. Niliijua ilipo.

Kurudi

Kurudi hakukuwa na tairi wala jeki. Getini Martina akaniuliza ndugu hawajambo, nikasema hawajambo. Alinipa hindi la bure.

Nyumbani Amsi alifurahi, akasema nipeni niipeleke kesho. Nikamwambia angoje kidogo, nimechoka. Kesho yake nikasema najisikia vibaya. Nyinyi mlikuja kunisalimia siku hizo, mama Hhau, Yasinta, na wewe Basilisa uliyeniletea makande, mkaniuliza habari za Digodigo, nikasema kule kuna maji mengi. Usiku niliwaza macho. Niliwaza kwamba mguu wa mtu mwingine sitauona, lakini giza langu nitaliona mimi. Sikuipeleka karatasi na sikuirudisha. Nilikaa nayo chini ya godoro siku kumi na moja.

Siku hiyo ya kumi na moja nilimwambia Emiliana anipigie Yohana.

"Mwandike Rebeka," nikamwambia.

Akasema, "Mama, Mama Rebeka alinipigia siku ile ile mlipoondoka. Akaniambia nikuandike wewe. Nilikuwa nangoja hiyo karatasi."

"Haiji."

"Na macho?"

"Mwandike Rebeka, Yohana. Usinifanye niseme mara tatu, nikisema mara ya tatu nitabadilika."

Kwa upande wake hakuchelewa. Aliomba ruhusa, akafika Digodigo mwenyewe, akambeba mama yake hadi hospitali na kadi mkononi. Rebeka alitibiwa kama mtu mwenye mtu. Lakini kidonda kilikuwa kimeingia ndani, wakamkata nusu ya unyayo. Saimoni ndiye aliyenipigia. Hakunisema vibaya. Alinieleza tu alichosema daktari, kwamba wangefika kama wiki moja nyuma ungeokolewa. Kisha akaniuliza macho yanaendeleaje.

Nimeandika haya kwa herufi kubwa, mstari mmoja naruka, nione ninachoandika. Kama nimekosea jina la dereva au nani alisema nini siku ya mbuzi, waliokuwepo waniambie, nitafuta niandike upya. Emiliana anasema chapati alimpa Naishiye, si mume wake. Mzee Elieza akisomewa na akasema koti halikuwa la sherehe, nitalitoa. Nakubali kurekebishwa kote. Ila zile siku kumi na moja mtu asije akaniambia zilikuwa chache. Nilizihesabu moja moja, nikiwa nimelala juu ya karatasi ile.